Shangazi, naogopa hadi simu yangu, je imani yangu ni ndogo?

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, nashona nguo. Mama yangu aliumwa nikakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, nikakopa kwingine kulipa ile ya kwanza, sasa wananidai watatu na mume wangu hajui. Simu nimeiweka sailenti, nailaza kifudifudi, ikimulika tu moyo unaruka. Cherehani nimeifunika mashuka chumbani wasije kuibeba. Nafunga, nakesha, nikirudi nyumbani hofu iko palepale. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Kila mtu ananisomea Wafilipi 4:6. Mtumishi mmoja kasema hii ni roho ya hofu, nitoe laki mbili sadaka ya kujimaliza, yaani kutoa vyote, na ndo hela pekee niliyobaki nayo. Imani yangu ni ndogo?"

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Naanza na hilo ulilolipitisha katikati ya barua kama halina uzito, la kutamani ulale usiamke. Hilo usilale nalo peke yako leo. Mwambie mtu anayeweza kuja kukaa na wewe, awe dada yako, awe mama mchungaji, halafu nenda hospitali, kwa hapo Tabata Amana si mbali, mwambie daktari hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Na mtu asikutishe kwamba kwenda kwa daktari ni kukosa imani, Luka alikuwa tabibu na Paulo alikuwa anamwita mpendwa.

Haya, tuje Wafilipi. Mimi nakereka kweli na watu wanaokata mstari mmoja wanamrushia mtu aliyezama, "msijisumbue kwa neno lolote", basi wamemaliza wanaenda kula. Barua ile imeandikwa na mtu aliyefungwa, soma sura ya 1 anataja vifungo vyake mwenyewe. Nenda sura ya 2, rafiki yake Epafrodito aliumwa nusura afe, na Paulo anasema wazi Mungu alimhurumia Epafrodito na yeye pia, asipate "huzuni juu ya huzuni". Kwa hiyo huzuni ya kwanza tayari alikuwa nayo, haoni aibu kuiandika, na mtu huyohuyo ndo anakuja kuongea habari ya amani ya Mungu ipitayo akili zote. Kwa hiyo kutetemeka kwako usiku hakumaanishi imani imekwisha. Halafu shuka chini kidogo sura hiyohiyo ya 4, anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtumia, anawaambia walifanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Unaona? Dhiki yake walikuwa wanaijua. Yako nani anaijua mwanangu, ukinitoa mimi?

Hapo ndo naona shida ilipo. Unamwomba Mungu amani huku unalinda siri usiku na mchana, na siri ya deni inachosha kuliko deni lenyewe, maana kila mlango ukigongwa unatunga uongo mpya.

Sasa fungua 2 Wafalme 4. Kuna mjane pale, mumewe alikuwa mcha Mungu, kafa kaacha deni na mdai anakuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa, kausha damu ya enzi hizo. Akamlilia nabii Elisha. Elisha hakumwambia ana roho ya hofu wala hakumwomba sadaka. Alimuuliza, una kitu gani nyumbani? Akasema ana chupa ya mafuta tu. Akamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, na visiwe vichache, kwa hiyo mtaa mzima ulimwona anahangaika. Mafuta yalipojaa vyombo vyote, nabii akamwambia nenda kauze, lipa deni, kinachobaki ule na wanao. Muujiza wenyewe ukaishia kwenye kuuza na kulipa, na nabii hakukata chake.

Mpime huyo mtumishi wako na Elisha halafu uniambie. Sisemi watumishi wote ni wezi na mikesha naipenda sana, ila laki mbili ya mtu anayedaiwa, mwenye mama mgonjwa, siyo ya kujimaliza nayo. Kwenye Marko 7 Yesu aliwasema waliokuwa wanatamka mali yao ni wakfu kwa Mungu huku wazazi wao wanakosa msaada. Usiitoe.

Na kitu ulichonacho nyumbani kipo, umekifunika mashuka. Kama unaogopa kitabebwa kapeleke kwa ndugu ushonee huko, lakini kishone. Sare za shule hazijawahi kukosa wateja.

Chukua daftari uandike kila mmoja ulikopa ngapi, umelipa ngapi, anadai ngapi. Dai mikataba. Waulize leseni ya Benki Kuu, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 huwezi kujifungulia tu kampuni ya mikopo bila leseni. Akitishia kuja kubeba vitu nenda serikali ya mtaa mapema, usisubiri afike na kirikuu, kile kigari cha mizigo. Omba kulipa kidogokidogo. Na wa nne usimkope, hata akija na sura ya malaika.

Usiku hofu ikija usianze kupambana na mapepo mpaka alfajiri, unachoka bure. Soma Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", ni fupi hata gizani unaikumbuka. Daudi anasema siku ya hofu, anajua itakuja. Ukimaliza lala, hata kama umelala nusu.

Mumeo mwambie wiki hii. Asiwe na njaa, watoto wamelala, tivii imezimwa, daftari mkononi, na uanze na kiasi kamili usimpe kwa vipande maana kila kipande kipya kitamuuma upya. Atakasirika, mwache akasirike. Kama ni mtu wa kupiga usikae naye peke yako, mwombe mchungaji au kaka yake awepo. Hiyo laki mbili iweke mezani mbele yake, muamue pamoja nani alipwe kwanza.