Kitone cha kijani hakijui kama mwenzako yuko kazini

Kitone cha kijani kando ya jina la mtu kwenye programu za ujumbe za kazini, kama Teams na Slack, kinasema jambo moja: kuna mashine iliyoguswa karibuni, nayo ina mtandao. Nani kaigusa, anafanya nini, atakujibu lini, hayo hakiyajui. Bado mashefu wengi wenye watu Lubumbashi, Kolwezi na Kinshasa wanakitumia kama daftari la mahudhurio, na ugomvi unaanzia hapo.

Kila programu ina kanuni yake. Teams kwenye kompyuta inageuka njano, yaani “hayupo”, baada ya dakika 5 bila kipanya wala kibodi kuguswa, na ukifunga skrini inageuka papo hapo. Slack inasubiri dakika 10. Kwenye simu mambo ni makali zaidi: ukitoka ndani ya Teams ili kuongea na mteja, unahesabiwa umeondoka. Kwa hiyo mhasibu anayelinganisha risiti za karatasi asubuhi nzima anaonekana mtoro, na anayesogeza kipanya huku akitazama mpira anaonekana mchapakazi. Nyekundu nayo, yaani “ana shughuli”, mara nyingi inatoka kwenye kalenda. Mkutano ulioandikwa 10:00 hadi 11:30 ukivunjika 10:40, rangi inaweza kubaki vilevile mpaka 11:30, na mwenyewe yuko huru kabisa.

Tuseme ukweli, ofisi nyingi za Lubumbashi ziko WhatsApp. Pale “mtandaoni” maana yake programu iko wazi mbele ya macho yake. Pengine anaongea na shangazi yake. Tiki moja: ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwake. Simu imezimwa, mega (bando la intaneti) zimekwisha, au amekufungia. Tiki mbili za kijivu: umefika kwenye simu yake au kwenye kifaa kingine alichounganisha, na hicho kinaweza kuwa kompyuta aliyoiacha wazi ofisini. Tiki za buluu zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya faragha, kama vile saa ya mwisho kuonekana. Ukificha yako, huoni ya wengine pia. Ukitaka kujua nani amesoma ujumbe wako kwenye grupu, ubonyeze kwa muda mrefu, kisha fungua maelezo yake. Tiki za buluu za grupu hazitokei mpaka wote wawe wamesoma, na daima kuna mmoja ambaye simu yake iko kwa fundi.

Halafu kuna umeme. Ukikatika, modemu inazimika ila kompyuta inaendelea kwa betri. Seva haijui mara moja kwamba mtu amepotea, maana hakuna aliyeiaga. Inangoja kidogo kabla ya kukata tamaa, na muda huo wote kitone kinaweza kubaki kijani. Unaandika, unasubiri, unakasirika, na mwenzako hajaona hata herufi. Usipime pia kwa hali ya kwako: umeme unaweza kuwa umekatika mtaa wa Katuba, Lubumbashi, huku mjini taa zinawaka.

Dawa yake ni SMS ya kawaida, kwa sababu haihitaji mega: “Umeme umekatika, niko kwa simu tu, narudi 15:00 Lubumbashi.” Andika saa kwa tarakimu na utaje mji. “Saa nane” kwa mtu wa Nairobi ni 14:00, kwa mwingine anayehesabu kwa mtindo wa Kifaransa ni 8:00. Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi mwaka mzima. Johannesburg ni sawa na sisi. Brussels ni sawa na sisi wakati wa kiangazi chao, kisha kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi inarudi saa moja nyuma. Anayelalamika kila Novemba kwamba Wabelgiji wanachelewa mikutano aangalie kalenda kwanza.

Jambo kubwa zaidi ni namna ya kuandika. “Jambo, uko?” ni ujumbe unaomlazimisha mtu awepo. Akijibu baada ya saa moja, wewe nawe umeshaondoka, siku imepita. Weka salamu, ombi, saa ya mwisho, na utakachofanya asipojibu, vyote pamoja: “Jambo dada. Naomba bei ya lori moja la saruji hadi Kolwezi kabla ya 15:00 Lubumbashi. Nisipoipata, nitamtumia mteja bei ya wiki jana.” Ujumbe huo unafanya kazi hata kama kitone chake ni cheusi tii.

Kisha timu ikubaliane mapema. Kwa mfano: ujumbe wa kawaida unajibiwa kabla ya jioni, ukitajwa jina ndani ya grupu unajibu ndani ya saa 2, na la haraka ni kupiga simu. Simu ya laini, si ya WhatsApp, kwa sababu mtu asiye na mega bado anapokea ya laini. Mwenye laini mbili aseme ipi iko wazi. Bipu nayo ipewe maana: bipu moja ni “fungua WhatsApp”, basi. Na ukimngoja mtu Teams, usikodolee macho rangi. Bonyeza kulia kwenye jina lake, uombe kuarifiwa atakapopatikana.

Wewe shefu unayehesabu vitone, ujue watu watakupa vitone. Kuna vifaa vidogo vya kusogeza kipanya chenyewe, na havigharimu sana. Omba mistari mitatu kila asubuhi: nilichomaliza jana, ninachofanya leo, kinachonizuia. Mstari wa tatu ndio wa kusoma kwanza.

Kitone kinafaa kabla ya kupiga simu isiyopangwa: kikiwa chekundu, andika kwanza. Na kama mtu ambaye huwa kijani kila siku amekaa kijivu tangu juzi bila neno, hapo mpigie. Si kwa ajili ya ripoti, bali kuuliza kama yuko mzima.