Nyanya ya kwenye maji haina pa kushika: niliyojifunza kwa mikono hapa Moshi

Wakuu habari zenu. Huku kwetu Moshi kuna vijana kadhaa wameanza kulima nyanya na matango bila udongo, mizizi ikiwa kwenye maji ya mbolea ndani ya mabomba, na kila anayekuja kwangu anauliza mbolea gani, pampu ya wati ngapi, mbegu anunue wapi, ila sijapata hata mmoja aliyeniuliza mmea atausimamishaje. Na hicho ndo kitu kilichonitia hasara mimi kuliko mbolea, kwahiyo naandika kwa ajili ya nyie mnaoanza.

Msimu wangu wa kwanza nilikua na bomba mbili za inchi 4 nimezilaza juu ya mbao, miche 14. Miche ilipoanza kuinama nikachukua fito za mianzi nikazikaza kwa waya wa bindingi kwenye bomba lenyewe, niliona ni akili kabisa manake fito iko pale pale jirani na shina. Ikaenda vizuri mpaka matunda yakafika kama ngumi ya mtoto, alafu usiku mmoja ukapiga upepo. Asubuhi nakuta bomba limejigeuza ubavu, vikopo vinavyoshika miche vimechomoka, maji ya mbolea yote yamemwagika chini, na mizizi ile meupe mizuri inaning'inia hewani, ncha zimeshaanza kugeuka kahawia. Niliokoa miche mitano tu. Iliniuma sana, nilikua nimebakiza kama wiki mbili nianze kuchuma.

Kosa ni moja. Kwenye udongo mizizi inashika ardhi, ardhi inabeba. Kwenye maji mizizi inakunywa tu, haibebi chochote, alafu wewe unachukua uzito wote unauning'iniza kwenye bomba ambalo ni la duara na halina shida ya kujiviringisha. Uzito wa mmea usiende kwenye bomba, uende kwenye waya uliovutwa juu kati ya nguzo zilizochimbiwa chini, au kwenye paa la grinihausi kama lina nguvu. Hebu piga hesabu ndogo, shina moja lina vichala vitano, kila kichala matunda sita, tunda gramu 100, hapo una kilo 3 bila majani. Mashina 20 kwenye waya mmoja ni kilo 60, sawa na mtu mzima amejitundika pale. Kwahiyo nguzo za pembeni zichimbie futi mbili na uziwekee mhimili wa kuzivuta kwa nyuma, la sivyo waya utalegea katikati na nyanya zote zitashuka pamoja.

Kutoka kwenye huo waya wa juu ndo unashusha kamba, kila shina na kamba yake. Mi natumia ya manila. Katani ni nzuri na huku inapatikana lakini ile ya chini inayorushiwa maji inaoza, na zile nyuzi za kuchana kwenye viroba vya sandarusi msizitumie kabisa, jua likizipiga miezi miwili zinakua unga unga zinakatika zenyewe. Fundo la chini lisiwe la kukaza, acha nafasi kidole chako kipite, manake shina la leo ni kama penseli na baada ya mwezi ni kama kidole gumba. Ukishafunga, unazungusha shina kwenye kamba taratibu kila linapopanda, upande uwe huo huo siku zote, na fanya mchana mmea ukiwa umelegea kidogo, asubuhi unakua umejaa maji unavunjika kama karoti. Aina zisizokoma kurefuka kama Anna F1 ziachie kamba ya ziada kama mita mbili juu uwe unaushusha mmea kadiri unavyorefuka. Rio Grande yenyewe ni fupi, fito tu inatosha, ila fito isimame chini sio kwenye bomba, narudia.

Tuje kwenye vikopo. Vya kununua ni vizuri ila vikopo vya mtindi vinafanya kazi ile ile. Unashika msumari kwa koleo unaupasha moto unatoboa matundu pembeni na chini, fanyia nje manake ule moshi sio wa kuvuta. Tundu lisizidi upana wa penseli. Alafu kifunge kwa nje na isolatepu nyeusi kuanzia kwenye mdomo bila kuziba matundu, mwanga ukipenya unapata ule utando wa kijani unaoziba kila kitu. Bomba lenyewe usilitoboe kwa moto jamani, moshi wa PVC ni sumu, mpe fundi mwenye drili na msumeno wa duara, na duara liwe dogo kuliko mdomo wa kikopo ili kikae kwa mdomo wake kisizame.

Ndani ya kikopo mi naweka yale mawe mekundu ya volkano yenye vitundu vitundu, huku kwetu na Arusha tumejaliwa nayo. Yapondwe yawe kama punje za mahindi, yaoshwe mpaka maji yatoke safi, hapo usione uvivu manake lile vumbi jekundu linaenda kuziba pampu. Kabla ya kuosha gunia zima chukua machache yamwagie siki, yakitoa mapovu yana chokaa na yatakupandishia pH (kipimo cha uchachu wa maji) kila siku, tafuta ya sehemu nyingine.

Saladi na mchicha hazihitaji mawe, kipande cha sponji la godoro unakikata kati unalibana shina basi. Ila sponji lisigusane na maji baada ya mizizi kutoka, likiloa muda wote shina linaoza pale pale kwenye shingo na utadhani ni ugonjwa. Mizizi ikishafika chini shusha maji yawe sentimita mbili tatu chini ya kikopo ipate hewa.

Kamba na waya weka kabla ya kuhamisha miche, ukisubiri mpaka iiname utavunja nusu ukiinyoosha. Matango ndo hayangoji kabisa, siku mbili usipozungusha yameshashikana na ya jirani.