Barabara ya njia nane itamaliza foleni, au itazidi kuutanua mji?

SWALI: Nafanya kazi Posta, Dar es Salaam, na nimepanga Sinza. Dalali ananishawishi ninunue kiwanja Kibaha, anasema Barabara ya Morogoro sasa ni njia nane hivyo nisihofu umbali. Ninyi wa mipango miji mnasema foleni ndiyo inayotawanya mji. Mimi naona mji uliotawanyika ndio unaoleta foleni. Kipi kinaanza?

JIBU: Ndugu msomaji, kinachoanza ni muda. Anayetafuta kiwanja hapimi kilomita, anapima saa: nikitoka alfajiri, nitawahi kazini? Barabara ikipanuliwa, muda uleule unamfikisha mbali zaidi, na huko mbali ardhi ni nafuu. Basi dakika zilizookolewa na lami zinageuka viwanja. Baada ya miaka michache wenye viwanja hivyo wako barabarani asubuhi, na foleni imerudi. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha hivyo kwa miji ya Marekani: kadiri barabara kuu zilivyoongezwa, safari za magari ziliongezeka karibu kwa kiwango hichohicho.

Kwetu, tazama sensa. Kati ya 2012 na 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu milioni 4.4 hadi milioni 5.4. Pwani, ambako Kibaha iko, ulitoka milioni 1.1 hadi milioni 2.0. Si wote waliotoka Dar, lakini ukipita Kibaha au Mkuranga unaona mji umeshavuka mpaka wa mkoa.

Foleni nayo ina kazi yake, na hapa wengi wanachanganya. Kazi zikibaki Posta na Kariakoo, foleni huwavuta watu wasogee karibu, na kodi za Sinza na Magomeni hupanda. Asiyemudu kodi anaondoka, foleni au hakuna foleni. Foleni inachosukuma nje hasa ni shughuli: benki, hospitali, maduka ya jumla. Kituo cha mabasi ya mikoani kilipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, biashara nyingi zilikifuata. Utawanyikaji wa namna hiyo ni mzuri, kwa sababu mtu wa Kibamba anapata huduma bila kufika mjini. Unaoniumiza ni ule wa shamba kukatwakatwa viwanja kabla hata njia ya mtaa haijachorwa. Pakishajengwa, daladala haina pa kupita, na kuipata nafasi hiyo tena ni kubomoa na kulipa fidia.

Sasa kiwanja chako. Hizo njia nane ni za kutoka Kibaha hadi Kimara, takriban kilomita 19. Kuanzia Kimara kwenda mjini, njia za katikati ni za mabasi ya mwendokasi, na magari mengine yanabaki na njia mbili kila upande. Maji mengi yanaingia kwenye bomba dogo. Kwa hiyo usikubali kupelekwa kuona kiwanja Jumapili mchana. Nenda Jumatatu, ufike kiwanjani saa kumi na moja alfajiri, kisha safiri kama utakavyosafiri ukihamia: bodaboda hadi lami, daladala hadi Kimara, foleni ya kupanda mwendokasi, mpaka mlangoni kwa ofisi yako. Jumlisha na nauli za mwezi mzima, uzilinganishe na kodi unayolipa Sinza. Mara nyingi kile kipande cha kutoka kiwanjani hadi lami, ambacho dalali anakiita “dakika tano”, ndicho kinachokula nauli, na masika hakipitiki.

Kama wewe au mwenzako mnaweza kupata kazi au biashara upande wa Mbezi au Kibaha kwenyewe, nunua. Kama wote wawili mtabaki Posta, ningetafuta pa kupanga penye chumba cha ziada karibu na njia ya mwendokasi kabla ya kununua ardhi huko. Na kabla ya kulipa chochote, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uione ramani ya mipango miji: kiwanja kimepimwa, kiko nje ya hifadhi ya barabara, na njia ya kukifikia imechorwa.