Kundi la kwezi halina kiongozi

Je, kuna ndege anayeongoza kundi la kwezi linapogeuka angani? Hapana, hakuna anayeliamuru ligeuke. Kila mmoja hufuata majirani zake tu, na mgeuko husambaa kutoka jirani hadi jirani. Watafiti waliopiga picha makundi hayo Roma kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja walionyesha mwaka 2008 kwamba kila ndege huzingatia wenzake 6 au 7 walio karibu zaidi, wawe wamebanana au wameachana. Hapo ndipo penye uzito: kinachohesabika ni idadi ya majirani, si umbali wao. Ndiyo maana kundi likitanuka kipanga anaposhambulia, halikatiki vipande kirahisi.

Ukitaka kuliiga kundi kama hilo kwenye kompyuta, kanuni 3 za Craig Reynolds, mtaalamu wa michoro ya kompyuta (1987), zinatosha: usimgonge jirani, elekea anakoelekea, sogea kwenye kitovu cha walio karibu. Ukiipa ya tatu uzito kupita kiasi, wote watarundikana mahali pamoja. Ipunguze au ongeza ya kwanza. Pia kokotoa mwelekeo mpya wa wote kwanza, ndipo uwasogeze kwa pamoja. Ukimsogeza mmoja mmoja, mpangilio wa orodha ya ndege kwenye programu utaingiza upendeleo ambao kanuni zenyewe hazina.

Ila usilitumie jibu hili kwa kila ndege. Njiwa waliofungwa vipima-mahali vya GPS walionekana kuwa na ngazi za uongozi: baadhi hugeuka mapema na wengine huwafuata.