Kwa mwalimu mgeni wa darasa la awali: anza na rafu, si na ukuta

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa darasa la awali hapa Kigoma, huenda jambo la kwanza utakalolifikiria ni kununua manila na kalamu za rangi ili upambe kuta. Nami nilifanya hivyo nilipoanza kazi Ujiji. Nilichora wanyama, matunda na namba kuanzia 1 hadi 20, nikavitundika vyote usawa wa macho yangu mimi, kisha vifaa vichache vizuri nilivyokuwa navyo nikavifungia kabatini visije vikaharibiwa. Watoto waliimba namba kwa wiki kadhaa wakifuata fimbo yangu, lakini siku nilipomwomba mmoja wao aniletee vizibo vitano vya soda, alinijazia kiganja. Wimbo alikuwa anaujua. Tano hakuwa anaijua.

Nikaanza upya kwa kutengeneza rafu: mbao mbili juu ya matofali, zisizozidi kimo cha kiuno cha mtoto wa miaka mitano, kila kifaa kikiwa ndani ya sinia lake na kila sinia likiwa na mahali pake. Zana ambayo mtoto hawezi kuichukua na kuirudisha mwenyewe ni pambo tu, hata kama imetengenezwa kwa ustadi mkubwa.

Kifaa ninachokushauri ukitengeneze kwanza ni vikopo vya kuhesabia. Tafuta vikopo 10 vya plastiki vya majarini (vya bati viache, kingo zake hukata vidole), uviandike 0 hadi 9, kisha ukate vijiti 45 vyenye unene wa penseli na kuvipiga msasa ncha zote. Kwa nini 45? Kwa sababu ukijumlisha 1 hadi 9 unapata 45 kamili. Mtoto akitia vijiti kwa kufuata namba zilizoandikwa, akakosea mahali, atakapofika kikopo cha mwisho atakuta vimepungua au vimebaki, naye atarudi kutafuta kosa bila wewe kutamka neno. Kikopo cha sifuri hubaki kitupu, na hapo ndipo utakapoona sura za mshangao, kwa kuwa wengi hudhani umesahau kuwapa vya kutia humo. Mpango huu si ubunifu wangu. Unatokana na kazi ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo, iliyoitwa Nyumba ya Watoto, mjini Roma mwaka 1907.

Kutoka kwake pia ndiko uliko mnara wa vipande 10 vya mbao, kikubwa kabisa kikiwa na sentimita 10 kila upande na kidogo kabisa sentimita 1. Mpelekee seremala mabaki ya mbao, lakini simama naye anapopima. Wangu alikadiria kwa macho, na kipande cha saba kikatoka sawasawa na cha nane, hivyo watoto wakawa wanabishana juu ya jambo lisilo na jibu. Nililipia kazi ile mara mbili.

Kuhusu vitu vya kufaragua, yaani vya kutengenezea zana kutokana na kile kinachopatikana, Kigoma hatuna sababu ya kulia njaa. Mchanga wa ufukweni, ukichekechwa, ukaoshwa na kuanikwa, unatosha kwa sinia la kuandikia herufi kwa kidole. Kokwa za chikichi zinafaa kupangwa kwa ukubwa. Madumu ya mawese ya lita 5, yakikatwa na kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto, huwa vyombo vya kupimia maji. Hata hivyo, kuwa mwangalifu na vitu vidogo. Nilikuwa natumia maharage, hadi mtoto mmoja alipoingiza punje puani asubuhi, nayo ikavimba kwa unyevu hata ikatubidi kukimbilia zahanati. Tangu hapo, chochote kinachoweza kuingia puani au kumezwa hakikai kwenye rafu. Nakitoa mwenyewe, kwa kikundi kidogo kilichokaa mbele yangu.

Utaniuliza: na wakiwa 70? Kiwango cha kitaifa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, lakini wengi wetu tunakisikia tu. Usijaribu kutengeneza seti 70. Kikundi kimoja kiwe mkekani na vifaa, kingine kwenye mchanga chini ya mwembe, kingine kikisimuliwa hadithi na mwenzako au na mzazi aliyejitolea, kisha wabadilishane. Toa vifaa vinne au vitano kwa wakati mmoja. Vikizidi hapo, watoto watavimwaga tu.

Ijumaa, kabla ya kengele ya mwisho, watoto wawili huhesabu vijiti pamoja nami, kwa sababu kijiti kimoja kikipotea, Jumatatu kikopo cha tisa kitamwambia mtoto aliyepatia kwamba amekosa.