Mgothi Akizeeka Anavaa Nini?

Sisi wagothi, watu wa muziki wa huzuni na mavazi meusi, nasi tunazeeka. Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, shikamoo. Naelekea miaka 40. Ugothi niliuanza nikiwa sekondari, na siku hizi nikijitazama kwenye kioo na koseti ya kubana kiuno na mabuti yangu marefu naona kama nimejivika nguo za mtu mwingine. Binti yangu ananicheka waziwazi. Nikiacha naona nimesaliti kitu, nikiendelea naonekana kituko. Nifanyeje?" Nilikaa nimjibu kwa mistari miwili, ikawa kurasa. Na kwa kuwa hayuko peke yake, maana swali hili hunijia kwa sura mbalimbali, najibu hadharani.

Marahaba, mdogo wangu. Usiuache ugothi. Koseti iache hata leo.

Nayasema haya kwa sababu nimepita huko, kamba zimekazwa mgongoni mpaka pumzi inakatwa vipande, na bado nipo. Wengi waliokuwa wakisema mimi si mgothi kamili wamekwisha kupotea. Nitajisifu kidogo humu, mnivumilie.

Mimi sikuingia kwa mlango wa nguo, niliingia kwa sikio. Rafiki yangu alinipa kanda aliyoirekodi kwa kufuta mahubiri ya mtu, na wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa bendi ya Bauhaus wa Agosti 1979, unaozidi dakika 9, ambao wengi wanauhesabu kuwa ndio uliofungua njia ya muziki wetu. Mwanzoni haimbi mtu. Ngoma inagongagonga kama mlango wa nyumba iliyohamwa, besi inashuka taratibu, gitaa linakwaruza. Nilikuwa na umri ule ambao kila mtu anakuambia uchangamke, na hapa nikasikia watu wazima ambao hawakuchangamka hata kidogo na wala hawakuomba radhi. Baada ya Bauhaus wakaja Siouxsie and the Banshees, The Cure, The Sisters of Mercy. Kanda ile niliisikiliza mpaka ikaanza kuvuta sauti.

Nguo zilifuata baadaye, na zilifuata kwa umaskini. Hilo vijana hawalijui. Klabu ya Batcave ilipofunguliwa Soho, London, mwaka 1982, hapakuwa na duka la kumuuzia mtu ugothi mzima ndani ya mfuko mmoja. Watu walichana soksi za wavu, wakatoboa tundu la kichwa, wakazivaa kama fulana. Walichukua vya wapenzi wa muziki wa panki, vya marehemu bibi, vya filamu za kutisha, wakavishona pamoja. Mimi pia nilishona. Vidole vyangu vilikuwa na matundu mengi ya sindano kuliko masikio yangu, na masikio yangu hayakuwa haba.

Miaka ya katikati naipita. Nilikwenda kwenye klabu, nikacheza peke yangu nikitazama sakafu kama inavyotakiwa, nikapenda wanaume waliopaka wanja vizuri kunishinda, nikafika nyumbani alfajiri. Wenzangu mnaijua hadithi hii.

Yaliyonibadilisha yalianzia mwilini. La kwanza lilikuwa kichwa. Nilikuwa nimepaka nywele rangi nyeusi kwa miaka mingi bila shida yoyote, halafu safari moja ngozi ikaanza kuwasha, kufika asubuhi kope zimevimba na masikio yanatoa maji. Daktari wa ngozi akanieleza kwamba rangi nyingi za kudumu zilizo nyeusi zina kemikali inayofupishwa PPD, na kwamba mwili unaweza kuivumilia miaka na miaka kisha siku moja ukaikataa. Ukishaikataa, kwa kawaida ndiyo basi tena. Ndiyo maana kwenye paketi huandikwa ujipake kidogo saa 48 kabla, na ndiyo maana hakuna anayefanya hivyo. Nyinyi fanyeni. Kila mara, hata kama rangi ni ileile ya siku zote.

Nililia, sifichi. Nywele nyeusi zilikuwa mimi. Lakini mvi zangu zilipoanza kutoka zilitoka kwa mkupuo mmoja, utepe mweupe kuanzia kwenye paji la uso hadi nyuma ya sikio, na nilipoingia kwenye onyesho la muziki na utepe ule msichana mmoja akaniuliza nilikwenda kwa msusi gani. Hebu fikiria. Watoto wanajichoma vichwa kwa dawa za kupausha ili wapate kitu ambacho mimi nimeletewa bure.

Uso nao una mambo yake. Poda nyeupe inapendeza kwenye ngozi ya miaka 19, kwenye ngozi yangu inaingia ndani ya mikunjo na kukaa humo ikionyesha ramani ya kila kitu nilichowahi kukasirikia. Nimeiacha. Nimebaki na wanja na lipstiki iliyokolea, na ninavipaka vizuri kuliko zamani kwa sababu sasa sivipaki gizani nikiwahi kutoka. Mabuti ya soli nene, magoti yameyakataa. Ngozi bandia iliacha yenyewe: nilifungua kabati nikakuta jaketi limebanduka magamba likiwa limening'inia tu, maana plastiki ile huvunjwa na unyevunyevu wa hewani hata usipoivaa. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya jaketi moja, subiri ifike ya ngozi halisi, au nunua la kitambaa kizito. Nguo nyeusi zifue kwa maji baridi, ukizigeuza ndani nje, uzianike kivulini. Mgothi aliyepauka akawa kijivu bila kukusudia anasikitisha, na si kwa namna tunayoitaka.

Kazini nilikutana na lingine. Mkuu wangu mmoja, ambaye sitamtaja, aliniita akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nikasema hapana. Upole ukakauka palepale, nikaambiwa weusi wa kila siku unawavunja wateja moyo. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa suti nyeusi! Nilitoka mle ndani nikitetemeka, na mpaka leo nikikumbuka ninatafuta majibu ambayo ningempa.

Basi nikaenda kusoma, kwa sababu mimi nikiumizwa husoma. Mumewe Malkia Victoria wa Uingereza, Prince Albert, alifariki Desemba 1861, na malkia akavaa nguo za msiba mpaka alipokufa yeye mwenyewe Januari 1901. Miaka 39 ya weusi, na hakuna aliyemwambia anawavunja wateja moyo. Kizazi chake kilivaa vito vya jeti, yale mawe meusi ya mji wa Whitby, Uingereza, ambayo hasa ni miti ya kale iliyogeuka mawe baada ya kufukiwa. Whitby ndiko wagothi wanakokusanyika tangu 1994, na ndiko mwandishi Bram Stoker alikoifikisha meli ya Dracula, yule mnyonya damu, katika kitabu chake cha 1897. Nikaona kumbe ninaweza kuvaa yote haya bila kumpa mkuu wangu neno la kusema. Sketi ndefu nyeusi iliyokatwa vizuri, shati lenye ukosi wa juu, pete moja ya jeti. Nilionekana kama mjane mwenye mali. Hakuna aliyenigusa tena.

Na hapo ndipo nilipoumizwa na wangu. Rafiki yuleyule aliyenipa kanda, ambaye sote tulimwita kaka, aliniona mchana mmoja nikiwa na mtoto mgongoni, jinzi, fulana nyeusi isiyo na chochote. Akawaambia wenzetu, mimi nikiwa nasikia, "Huyu sasa ni mgothi wa Jumamosi." Wakacheka. Miaka imepita na bado neno lile linanipata nikiwa naosha vyombo. Nilikuwa sijalala usiku mzima. Nilikuwa nimemwimbia mtoto nyimbo za The Cure mpaka akasinzia, zote, pamoja na zile ndefu. Wa Jumamosi ni nani?

Ningemjibu leo ningemwambia hivi. Robert Smith mwenyewe, mwimbaji wa The Cure, mwenye zile nywele za kutimka, alizikata fupi mwaka 1986, mashabiki wakapigwa na butwaa, na muziki wake ukabaki palepale. Mwaka 2024, akiwa na miaka 65, yeye na The Cure walitoa albamu iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza, jambo ambalo halikuwa limewatokea tangu 1992. Siouxsie, aliyezaliwa 1957, alirudi jukwaani 2023 baada ya kukaa kimya miaka mingi. Na Andrew Eldritch wa The Sisters of Mercy, ambaye nusu yetu tulijifunza kwake kuvaa miwani myeusi usiku, anakataa katakata kuitwa mgothi. Sasa wewe kaka yangu unayegawa vyeti, hicho cha kwako ulipewa na nani?

Nasikia aliuza mabuti yake. Nasikia siku hizi hasikilizi chochote. Sifurahi. Vizuri, nafurahi kidogo.

Kuna mwanasosholojia, Paul Hodkinson, aliyeandika kitabu kuhusu wagothi mwaka 2002, na baadaye akarudi kuwatazama wale wenye umri mkubwa. Alichokiona ndicho nilichokiishi: wengi walipunguza ukali wa mavazi kwa ajili ya kazi, watoto na miili yao, lakini hawakuondoka. Walibaki na muziki na wakabaki na watu wao. Niliyathibitisha haya kwa macho nilipokwenda Leipzig, Ujerumani, kwenye tamasha la Wave-Gotik-Treffen lililoanza 1992 na linalofanyika wakati wa Pentekoste. Nilidhani nitakuwa bibi wa watu. Wapi! Watu wenye mvi walikaa kwenye viti vya kukunja, wana vizibo masikioni, gari la mtoto limefunikwa lesi nyeusi, na bendi ilipoanza waliinuka kwa kushikilia magoti wakacheza kuliko wale wadogo. Mzee mmoja alikuwa na kaptula na kandambili, na fulana ya bendi iliyofuliwa mpaka herufi zimefutika. Kila mtu alimpisha apite.

Vijana mnaonisoma, hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri. Mnaingia kwa picha. Mnajua majina ya mitindo yote ya kujipamba na hamjui bendi tatu. Siwakatazi kupendeza, pendezeni, lakini anayeingia kwa nguo hutoka siku nguo zitakapombana, na zitambana. Sikilizeni kwanza. Sikilizeni albamu nzima, si kipande cha kuchezea mbele ya kamera. Na mkimwona mtu mzima amevaa fulana nyeusi tupu na viatu vya kutembelea, msimcheke, huenda alikuwepo kabla hamjazaliwa.

Na wanaosema "ni nguo tu" nao wana la kusikia. Agosti 2007 huko Lancashire, Uingereza, msichana wa miaka 20 alishambuliwa bustanini pamoja na mpenzi wake kwa sababu ya mwonekano wao, akafariki siku 13 baadaye. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester wakaanza kuyaandikisha mashambulizi dhidi ya watu kama sisi katika kundi la makosa ya chuki. Kwa hiyo mtu akipunguza mavazi kwa ajili ya njia anayopita usiku, asiitwe mwoga. Nimewahi kutembea na koti kubwa la kahawia juu ya kila kitu, nikalivua mlangoni. Fanya hivyohivyo ikibidi.

Kuhusu watoto, wanaocheka hawajakukana. Wangu alikuwa akiniomba nisifike shuleni na wanja. Nilifika nao, mwembamba. Nilimwambia kwamba yeye atachagua nguo zake na mimi zangu, na kwamba kicheko kinaruhusiwa ila cha kunitazama usoni. Akachagua rangi ya machungwa. Machungwa kila mahali, kwa miaka, mpaka macho yangu yakauma. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kulinigharimu kuliko PPD.

Kama unataka utaratibu wa kufuata, wangu ni mfupi. Toa kabatini kila kinachouma ukikivaa. Bakiza kimoja ambacho ukikivaa unajisikia upo, kiwe pete, wanja, au koti, ukivae hata siku za kwenda sokoni. Muziki usipunguze. Nimekwisha kusema muziki? Narudia: muziki usipunguze.

Tena usisikilize vya zamani peke yake, huo ndio uzee wenyewe. Bendi ya She Past Away wanaimba kwa Kituruki, Molchat Doma waliotokea Minsk, Belarus, wanaimba kwa Kirusi, sielewi neno na nawaimba wote nikipiga pasi. Anza na She Past Away, fungua sauti mpaka mwisho. Ukienda kuwaona jukwaani, beba vizibo vya masikio. Si kwa sababu umezeeka, spika zao hazimjali mtu.