Subaru B4 ya turbo: anza na dipstiki

Juzi nimesimama sheli najaza mafuta, kijana mmoja akasogea, akaangalia lile tundu la hewa juu ya boneti, akasema: "Kaka, hii ni GT, ile ya turbo? Nataka kuchukua moja mkononi. Itanisumbua?" Nikamuuliza, ukishalipa utabakiwa na shilingi ngapi? Akacheka. Hakunijibu.

Yangu ni Legacy B4 2.0GT, toleo la BL5 la mwaka 2005, gia za otomatiki. Injini ya boksa, yaani pistoni zake zimelala ubavu, cc 1994, na kutoka kiwandani ilikuwa na farasi 260. Usiichanganye na BE5 iliyoitangulia, ile yenye turbo mbili, yaani feni mbili za kuisukumia injini hewa ya ziada. Hiyo ina vituko vyake. Bei ya BL5 mkononi inavutia mno, ila ujue kwamba wengi wanaouza wanakimbia bili.

Nenda kuiona asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna sauti ya injini ikiwashwa baridi hataki uisikie. Chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kabla hujakaa kwenye kiti. Halafu iwashe, iache isilensa, yaani iungurume imesimama, dakika tano, kanyaga mafuta kidogo huku mwenzako anatazama ekzosi. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Akikuambia mkanda wa taimingi, ule unaozipanga valvu ziende sawa na pistoni, ulishabadilishwa, omba risiti. Huo hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na ukikatika kwenye injini hii, pistoni zinagonga valvu. Mimi sikuambiwa kitu nikaamini. Niliweka mkanda mpya pamoja na rola zake na pampu ya maji wiki ya kwanza.

Kumbe tatizo langu lilikuwa kwingine. Mwezi wa pili tulikuwa tunakwenda Iringa. Katikati ya mlima Kitonga nikalipita lori, nikasikia mluzi mwembamba kama wa birika linalochemka, mara kioo cha nyuma kimejaa moshi. Nikasimama. Dipstiki ilikuwa kavu kabisa. Tulivutwa hadi Ilula, watoto wakiniuliza kama gari limekufa.

Fundi wa kwanza alifunga turbo ya mtumba, kazi ya siku moja, nikamshukuru. Wiki tatu baadaye, mluzi uleule. Fundi wa pili, mzee wa maneno machache, hakuigusa turbo kwanza. Alifungua bolti ya bomba linaloipelekea oili, akaingiza ncha ya sindano, akatoa kichujio kidogo cha wavu nilichokuwa sijui hata kama kipo. Kilikuwa kimeziba kwa tope jeusi. "Hiki ndicho kinachokuulia turbo, bosi." Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili tu, oili ikichelewa kufika, chuma kinasagana na chuma. Na turbo ikifa huacha vumbi la chuma kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo ukifunga nyingine bila kusafisha mabomba, kile kichujio na sampu yenyewe, umeinunulia jeneza.

Tangu siku ile namwaga oili kila kilomita 5,000, sintetiki 5W-30, na filta mpya kila mara. Kila Jumamosi asubuhi napima, maana hizi injini hunywa oili kimyakimya na taa ya dashibodi huwaka maji yakiwa yameshafika shingoni. Nikitoka kupanda mlima naiacha isilensa dakika moja hivi kabla ya kuzima. Kwenye foleni ya Ubungo sijisumbui, turbo haijachemka kiasi hicho.

Petroli nayo. Kwenye mfuniko wa tanki kuna maandishi ya Kijapani. Nilikaa nayo miezi sita kabla sijayapiga picha na simu ikanitafsiria kwamba inataka ya oktani ya juu. Natafuta kituo chenye hiyo hata nikizunguka. Mjini inanipa kilomita 7 kwa lita, na mama watoto ameacha kuuliza.

Tairi ndiyo sehemu watu wanajidanganya zaidi. Gari linavuta miguu yote minne. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma, zinazunguka tofauti na gia boksi ndiyo inayolipa. Nunua nne kwa mpigo, saizi moja, aina moja.

Na wale wanaoanza na ile valvu ya kupumulia nje ili gari lifanye "pshii": injini hii inapima hewa mlangoni. Ukiimwaga hewa iliyokwisha kupimwa, kompyuta inatia petroli ya hewa ambayo haipo. Unapata sauti, plagi zinapata masizi. Kuzifikia plagi zenyewe, zikiwa zimelala ubavuni mwa injini, inabidi betri itoke kwanza.

Kuhusu mbio sina mengi. Vibao vya 50 vimejaa kila kijiji hadi Morogoro, tochi iko chini ya mwembe, na faini nimeshalipa za kutosha.

Yule kijana wa sheli alichukua namba yangu. Jumapili asubuhi akanitumia picha kutoka Tabata: dipstiki kwenye kitambaa cheupe, oili imegusa ncha tu, nyeusi kama lami. Chini ameandika, "Muuzaji anasema ni kawaida." Nikamwambia amrudishie funguo zake.